Barabara ya Majini ya Kwenda kwa Delmar

27 Mei

Daktari anasema presha yangu inapanda kwa sababu nasema kila ninachowaza. Ameniagiza ninunue daftari, na kila nikitaka kumgombeza mtu niandike humo kwanza. Haya, nimenunua. Mimi ni Ardis Raitanen, mwenyekiti wa Kamati ya Usafi ya Ziwa Pikku, na leo nimekasirishwa na magugu.

Mwaka huu yameota mapema na yamejaa ghuba yetu yote. Kutoka gati letu hadi kwa Delmar Stroik, ng'ambo ya ghuba, kwa boti kahawa haipoi kikombeni. Kwa gari unalizunguka ziwa zima na daraja bovu juu yake. Mume wangu Orvin huenda kwa Delmar kila siku kucheza karata. Wamecheza tangu walipostaafu kwenye kiwanda cha karatasi, na kila mmoja anaamini yeye ndiye anayeongoza. Leo magugu yamejiviringisha kwenye propela katikati ya safari, na Orvin amerudi akipiga maji kwa kifuniko cha sanduku la chakula.

Boti yenyewe ni mpya. Ni ile ya jukwaa, ina makochi kama sebule na mahali pa kuwekea vikombe vingi kuliko marafiki tulio nao. Sikuinunua ije ishindwe na majani.

29 Mei

Nimekwenda kwa jirani yetu wa kushoto, Gus Fontana, aliyehamia kutoka Chicago mwaka juzi. Mbele ya nyumba yake mayungiyungi na magugu yamefunika maji mpaka kwenye nguzo za gati. Injini ya boti yake ni mbovu tangu aje, na hana haraka nayo. Nilimkuta kwenye kiti chake cha gatini, kofia usoni.

"Bwana Fontana, magugu yako yanatutia aibu."

"Si yangu, Bi Ardis. Niliyakuta."

"Hata nyumba uliikuta. Mbona unaipaka rangi?"

"Bado sijaipaka."

Na kweli hajaipaka. Nilirudi nyumbani nikapima presha.

3 Juni

Leo nilikuwa kwa mama, kwenye nyumba ya wazee mjini. Mama yangu Aune ana miaka tisini na mmoja, na mwaka mzima yeye husubiri kitu kimoja tu, karamu yake. Alianza kuiandaa nikiwa sijazaliwa. Jumamosi ya kwanza ya Septemba watu wote wa ziwa huja uani kwetu kula samaki wa kukaanga, wale wadogo bapa tunaowaita mashavu-buluu, kwa viazi, kachumbari ya kabichi na mkate mweusi. Sheria ni moja, kwamba samaki atoke ziwa hili. Mama hula wa kwanza, watu wote wamesimama na sahani tupu. Akitikisa kichwa kukubali, ndipo wengine wanakula.

Zamani shangazi Lempi alichanganya na samaki wa dukani. Mama alimtema samaki huyo kwenye leso mbele ya mchungaji. Shangazi alihamia mji wa Duluth. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu.

"Friza mmeanza kuijaza?" mama aliuliza leo, kabla hata sijavua koti.

"Bado mapema, mama."

"Lempi naye alisema hivyohivyo."

10 Juni

Mkutano wa kamati. Nimependekeza Siku ya Barabara: wenye boti wote tukusanyike, tupite kwenye magugu kwenda na kurudi mpaka tuyakate, ipatikane njia safi kutoka kwetu mpaka kwa Delmar. Delmar aliunga mkono kabla sijamaliza sentensi. Wote waliinua mikono isipokuwa Fontana, aliyekuwa amelala.

14 Juni

Siku ya Barabara imefana. Boti zilijipanga kama siku ya gwaride, nyingine na bendera. Orvin alichoma soseji gatini, nami nilisimama mbele ya boti yetu nikielekeza kwa kipaza sauti cha timu ya mpira ya shule. Tulipita, tukarudi, tukapita. Majani yaliruka nyuma ya injini kama kabichi kwenye mashine, na maji yakawa rangi ya kahawa ya maziwa. Watu walipiga makofi. Kwa muda mrefu sijaona ziwa hili likishirikiana hivi.

Karibu na ufuko, pale maji yanapokuwa ya magotini, Orvin alipunguza mwendo.

"Ardis, hapa chini kuna sahani za mashavu-buluu."

Sahani ni viota vyao. Dume hufagia mchanga kwa mkia mpaka pawe duara, jike akataga, halafu dume anabaki hapo kulinda mayai, hali, halali.

"Watahama," nilimwambia. "Samaki ana mapezi."

"Mayai je?"

"Orvin, watu wanatutazama. Ongeza mwendo."

Akaongeza. Jioni tulifika kwa Delmar bila propela kukwama hata mara moja. Nimeandika haya nikiwa na furaha, na daktari hakuniambia la kufanya nikiwa nayo.

15 Juni

Magugu yote tuliyoyakata yameelea na kuja ufukoni kwangu. Si kwa Fontana, si kwa Delmar, ni kwangu. Nimeyakokota kwa reki mpaka mgongo ukaniuma.

16 Juni

Reki.

17 Juni

Reki. Yananuka.

26 Juni

Barabara inaziba. Kila kipande kilichokatwa kimeshuka chini kikaota upya, palipokuwa na shina moja sasa ni familia. Orvin na Delmar wamepata dawa: badala ya kupita mara moja kwa siku watapita asubuhi na jioni, magugu yasipate nafasi ya kupumua. Nimewasifu kwa bidii yao.

4 Julai

Gwaride la boti la sikukuu ya uhuru. Yetu niliipamba kwa taa na karatasi za rangi, kazi ya wiki nzima. Fontana alikuja mwisho kwa kiboti chake cha makasia, kimejaa mayungiyungi yaliyonasa humo yenyewe, naye amejilaza katikati. Waamuzi walidhani ni maonyesho. Wamempa zawadi ya kwanza.

Friza: mkate, aiskrimu.

13 Julai

Orvin alikaa na ndoano mchana kutwa pembeni ya barabara, mahali pake pa miaka yote. Amerudi na kiatu cha mpira. Si jozi.

Friza: mkate.

16 Julai

Nimemjua mwizi wa samaki wetu. Ni korongo, yule mrefu wa kijivu anayesimama gatini kwetu kama mkaguzi wa kodi. Nimemtengenezea sanamu ya kumtisha, nikaivisha koti la kanisani la Orvin.

17 Julai

Korongo anakaa juu ya sanamu. Koti limeharibika. Orvin alikula uji akiwa amenigeuzia mgongo.

21 Julai

Delmar alikuja kunywa kahawa. Yeye ndiye huongoza kazi ya Februari, tunapojenga masanduku makubwa ya magogo juu ya barafu, tukayafunga mawe, ili barafu ikiyeyuka yazame yawe nyumba za samaki. Kazi hiyo imemla kidole kimoja, na bado anaipenda.

"Nyumba tumewajengea," alisema, akichovya biskuti. "Bure. Hawalipi kodi, hawalipi umeme. Na bado wamehama."

"Samaki wa siku hizi hawana shukrani," nilisema.

"Labda nyumba walikuwa nazo," Orvin alisema, akitazama nje.

Tulimnyamazisha. Siku hizi ana maneno ya ajabu, nadhani ni lile koti.

1 Agosti

Ijumaa. Upepo umetoka upande wa Fontana na umeniletea harufu ya samaki wa kukaanga. Nilitoka nikasimama kwenye nyasi kwa nguo ya kulalia nikanusa kama mbwa wa polisi. Siagi, unga, pilipili manga, mashavu-buluu. Nimefuata ushauri wa daktari. Ninaandika kwanza. Ninaandika kwamba Gus Fontana ni mwizi, na kesho nitakwenda kwa Delmar tuamue la kumfanya.

2 Agosti

Ya leo ni marefu, na mkono wangu umepakwa dawa ya misuli.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana, mimi, Orvin na bakuli la viazi na nyama ya kusaga kwa ajili ya Delmar, kwani mashauri mazito hayafanywi na tumbo tupu. Tulipofika katikati ya barabara yetu, ile tuliyoikata sisi wenyewe na kuipita asubuhi na jioni, injini ilikohoa, ikalia, ikatoa moshi, ikanyamaza. Magugu yalikuwa yameziba tundu la kuvutia maji ya kupoza. Propela ilionekana kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

"Shuka uyatoe," nilisema.

Orvin alishuka. Maji yalikuwa ya kiunoni, lakini matope hayakuwa na mwisho, na mzee wangu alisimama kama nguzo ya uzio.

"Nimekwama."

"Vua viatu."

"Viatu vimeshabaki. Sasa ni miguu."

Nilimvuta kwa mikono, nikamvuta kwa kamba ya nanga, nikamvuta huku nikimwambia yote ambayo nilipaswa kuyaandika humu. Delmar alisimama gatini kwake akatupungia mkono, akidhani tunamsalimu. Kisha akaingia ndani.

Aliyekuja ni Fontana. Alikuja polepole kwa makasia yake, akamtoa Orvin kwa kumwegemeza ubao chini ya makwapa, akafunga boti yetu kwa kamba na kuanza kutuvuta kurudi kwetu, akipitia upande wake. Nilikaa kwenye kochi nimepakata bakuli. Mwizi wangu ananivuta, na adabu inanitaka nishukuru.

Tulipoingia kwenye mayungiyungi yake nikatazama chini, maana sikutaka kuutazama uso wake.

Maji yalikuwa maangavu kama glasi. Katikati ya mashina kulikuwa na vitoto vya samaki, wengi, wadogo kama kucha, wanaingia na kutoka kwenye magugu kama watoto wanaocheza kwenye nguo za kuanikwa. Chini yao mashavu-buluu wakubwa walitulia kivulini. Na pembeni kabisa, amejificha kwenye majani kama fimbo iliyosahaulika, samaki mla-wenzake mwenye pua ndefu anavizia. Wote walikuwa pale. Ghuba nzima ilikuwa imehamia kwa mvivu.

"Bwana Fontana," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Unawavua hawa?"

"Mmoja, Ijumaa. Nikiwa na njaa wawili."

"Umewafanyia nini hata wakaja kwako?"

Alifikiri huku akivuta kasia.

"Sijawafanyia kitu."

Katika msimu huu wote hakuna jibu lililonipandisha presha kama hilo.

Kisha tukavuka mwisho wa mayungiyungi, tukaingia kwenye barabara yetu. Maji yakawa matope papo hapo. Chini palikuwa peupe, pamekwanguliwa, na vipande vya majani vikielea. Hapakuwa na hata kitoto kimoja. Lile jani nililoliita uchafu ndilo lilikuwa nyumba yao, shule yao na jikoni kwao, nasi tulipita katikati yake na kipaza sauti.

Orvin alikuwa amekaa bila viatu, matope yanamkauka kwenye soksi.

"Ardis," alisema taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nyamaza, nitapima presha."

Bakuli la viazi tulimpa Fontana. Aliuliza kama lina jibini. Lina.

3 Agosti

Leo sina wa kumgombeza.

10 Agosti

Orvin sasa huenda kwa Delmar kwa gari. Hurudi amechelewa na mgongo unamuuma kwa ajili ya daraja, lakini hanung'uniki. Nilikuwa nikidhani mume wangu hasemi kwa sababu hana la kusema. Kumbe tangu Juni alikuwa akisema, na mimi nilikuwa na kipaza sauti.

Kamati sijaiambia. Nimejaribu mara mbili kwa simu, na mara zote mbili nimejikuta naongelea soseji.

Friza: mkate. Karamu inakuja, na mama amenipigia simu kuuliza kama atavaa gauni la buluu.

20 Agosti

Orvin kamwambia Delmar kila kitu, maana katikati ya karata mtu hawezi kuficha jambo. Delmar amekuja mbio, na sikuona aibu usoni kwake. Niliona njaa.

"Basi tatizo limekwisha. Tunaingia kwa Fontana na boti nne, siku mbili tu, tunajaza friza."

Nakiri nilivutwa. Nilimwona mama na gauni lake la buluu. Nikaenda kwa Fontana kumwomba ruhusa, nikiwa nimebeba pai ya cheri ili asipate nguvu ya kukataa.

"Gati ni langu," alisema, akifungua pai kwa kidole. "Samaki si wangu. Amua wewe, Bi Ardis. Wewe ndiye mwenyekiti."

Nilichukia kuachiwa. Nilikaa ukingoni mwa gati lake mpaka jua likawa chini, nikiwatazama. Nikiingiza boti nne humu, mama atapata karamu ya mwaka huu, na baada ya hapo ghuba haitakuwa na mbegu. Nilipoinuka, Fontana alikuwa amelala na pai imebaki nusu.

29 Agosti

Nimeshika ndoano mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha Fontana, na nimemvua mmoja. Mmoja tu, wa mama. Kwa wengine nimekwenda mji wa mbali, duka ambalo hawanijui, nikanunua maboksi ya samaki walioganda, nikayafunika kwa blanketi kwenye buti la gari. Nilirudi nikiendesha taratibu kama mtu aliyebeba maiti.

Friza: imejaa. Sijawahi kuionea aibu hivi.

6 Septemba

Uwanja ulijaa. Mama alikuja na gauni la buluu na kitambaa kichwani, nikamketisha mezani peke yake kama kawaida, watu wote wamesimama na sahani tupu. Nilimwekea samaki wake. Akamtoa mfupa kwa vidole, akala polepole, akafumba macho. Kisha akatikisa kichwa. Watu wakashangilia na kujipanga kwenye sufuria za Orvin. Nilikwenda nyuma ya banda kupumua.

Niliporudi, Delmar alikuwa ameketi karibu na mama, na mama, ambaye tangu nimjue hajawahi kuheshimu sahani ya mwenzake, alikuwa amenyoosha uma wake na kuchukua kipande cha Delmar. Alitafuna mara moja. Akasimamisha taya. Akatafuta leso.

"Ardis."

"Naam, mama."

"Hiki ni nini?"

Ningeweza kusema ni mafuta, au ni unga. Nilimwona shangazi Lempi amepanda basi la Duluth.

"Ni wa dukani, mama. Wako peke yake ndiye wa ziwani. Wengine hawapo. Tuliwafukuza sisi." Nikasimama juu ya benchi, nikawaambia watu wote: barabara, sahani za mchangani, matope, vitoto vilivyokosa pa kujificha. Niliwaambia wazo lilikuwa langu, na kwamba nilimwita Fontana mwizi ilhali ndiye pekee ambaye hakuwaibia samaki nyumba zao. Sikuhitaji kipaza sauti.

"Lakini tulipiga kura," Delmar alisema.

"Samaki nao walipiga?" mama aliuliza.

Fontana, aliyekuwa chini ya mti na sahani yake, alivuta kofia ikafunika macho.

Mama alinigeukia. "Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa wapo wengine, au huyu niliyemla ndiye wa mwisho?"

"Wapo, kwa Fontana. Tukiiacha ghuba, tusipite na injini humo, watasambaa tena."

"Mpaka wawe wa kukaanga ni lini?"

Nilimtazama Orvin anisaidie. Akaitazama sufuria.

"Miaka minne, mama. Huenda mitano."

Mama alihesabu miaka yake, nikaona midomo inacheza. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wakitazama viatu vyao. Nami nililia, naandika wazi, nililia juu ya benchi mbele ya kamati yangu.

Mama akakunja leso yake, akaisogeza sahani ya mkate mbali naye.

"Basi itabidi niache siagi," alisema.

12 Oktoba

Tumetoa magati majini kabla barafu haijaja. Kamati imepiga kura: ghubani ni makasia tu. Fontana aliinua mkono, au alikuwa akijinyoosha. Boti ya jukwaa imekaa uani, na Orvin na Delmar wanachezea karata zao humo, maana ina makochi.

Muuguzi amepiga simu kulalamika kwamba mama anatembea ukumbini kwenda na kurudi kwa fimbo, na anawaamsha wenzake. Baadaye mama mwenyewe akachukua simu.

"Wamefika wapi?"

"Vitoto vya mwaka huu vimefikia urefu wa kidole, mama."

"Changu au chako?"

Nilitazama mkono wangu. "Cha mtoto mdogo."

Nikasikia akimgeukia muuguzi.

"Binti, ule mtindi wenu usio na mafuta. Niletee."